Ng'ombe, mbuzi au kuku kwa ekari mbili za Dodoma: tazama kwanza wanakula nini

Mdogo wangu wa kike amenunua ekari mbili nje ya Chamwino, upande ule ambao barabara ya vumbi inaishia kwenye migunga. Kabla hajasimamisha nguzo hata moja ya uzio akanipigia: "Kaka, nianze na nini? Ng'ombe, mbuzi au kuku?" Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Mimi mwaka niliohamia huku na ofisi nilijibiwa kwa simu, dakika mbili tu: "Weka kuku wa mayai, hela ya haraka." Yaliyonipata nitayasimulia tukifika kwa kuku.

Wengi wakilinganisha mifugo huanza na bei ya sokoni. Mimi naanza na tumbo. Kila mnyama anageuza kitu fulani kuwa nyama, maziwa au mayai, na kitu hicho lazima kitoke mahali. Dodoma tunapata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni miezi saba ya vumbi. Mnyama atakula nini Septemba? Ukishalijibu hilo, maswali mengine yote ni mepesi.

Kidogo cha darasani kwanza, nacho ni kifupi. Nguvu yote iliyomo bomani ilianza kuwa mwanga wa jua. Mmea hunasa sehemu ndogo sana ya mwanga unaouangukia, kwa kawaida asilimia 1 hivi au 2, na kwa njia ya usanisinuru huifungia ndani ya sukari, wanga na selulosi. Anayekula mmea hapati yote: nyingine inatoka kama kinyesi, nyingine inateketea kwa joto la mwili na kwa kutembea. Inayobaki ikawa mwili wake ni kama sehemu moja katika kumi. Hesabu hii ya kumi ni ya kukadiria tu, na msingi wake uliwekwa na Mmarekani Raymond Lindeman katika makala ya mwaka 1942 kuhusu ziwa dogo la Minnesota. Lakini ilete bomani uone: debe la mtama ambalo ungelipika ugali, ukimpa mnyama, linarudi mezani limebaki kiduchu. Jani la mgunga ni habari nyingine. Wewe huwezi kulila hata ulichemshe kutwa nzima. Likirudi sehemu moja ya kumi likiwa supu ya mbuzi, umepata kitu ambacho hukuwa nacho kabisa.

Basi kipimo changu ni hicho. Nawapanga wanyama kwa kuangalia nani anakula nisichoweza kula, na nani ananyang'anyana nami sufuria.

Ng'ombe: tumbo limejaa, mwenyewe ana njaa

Hapa kuna jambo ambalo watu hawaliamini kwa urahisi. Ng'ombe hana uwezo wa kuyeyusha selulosi, yaani ule ugumu wa nyasi na mabua. Hata mmoja. Wanaoiyeyusha ni vijidudu, bakteria na protozoa na kuvu, wanaoishi katika tumbo lake la kwanza, rumeni. Yeye kazi yake ni kukata, kumeza, kulala kivulini akicheua, na kuwatunzia joto na unyevu. Vijidudu wakishakula wanatoa asidi ambazo hupenya ukutani mwa tumbo hilo, na hizo ndizo nguvu yake kubwa. Halafu vijidudu wenyewe husukumwa kwenda matumbo yanayofuata, humeng'enywa, na kuwa protini ya ng'ombe. Kwa hiyo ng'ombe anafuga. Sisi tunafuga mfugaji. Malipo ya kiwanda hicho ni gesi ya methani anayoicheua, inayobeba kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu ya alichokula, na chakula kikiwa kibovu na kigumu hasara hiyo huelekea juu.

Mchwa wa vile vichuguu virefu tunavyovizunguka njiani anafanya ujanja uleule, ila shamba lake amelichimbia ardhini: anakusanya mabua na vijiti vikavu, anaotesha kuvu juu yake, anakula kuvu. Kiangazi mchwa na ng'ombe wanagombea nyasi zilezile, na nimeshaona mwaka ambao mchwa alishinda.

Sasa, vijidudu wa rumeni nao wanahitaji lishe. Selulosi inawapa nguvu, lakini ili wazaliane wanahitaji naitrojeni, yaani protini ya majani. Nyasi ikiwa changa mwezi Januari haina shida. Ikishatoa mbegu na kukauka, protini yake inashuka mpaka asilimia 3 au 4. Chini ya asilimia 7 hivi vijidudu wanadhoofika, nyasi inakaa tumboni muda mrefu bila kuyeyushwa, na ng'ombe anaacha kula kwa sababu hana nafasi. Ndiyo maana Septemba unamkuta amejaa tumbo kama ngoma, na mbavu unazihesabu. Amezungukwa na chakula asichoweza kukifungua.

Dawa ya hali hiyo hapa kwetu ni mashudu ya alizeti. Tuna bahati, Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti, na kilo moja au mbili za mashudu kwa siku zinawaamsha vijidudu wakaanza kuyala hata mabua ya mtama. Wengine hunyunyizia mabua maji yenye urea. Inafanya kazi, lakini ukikosea kipimo unaua ng'ombe ndani ya saa chache, kwa hiyo usifanye hilo bila afisa ugani kukusimamia mara ya kwanza. Na uangalie mtama wenyewe: ukiwa mchanga, au ukiwa umenyauka kwa jua kisha ukachipua baada ya mvua ya ghafla, majani yake yanakuwa na sumu ya sianidi. Mabua yaliyokomaa na kukauka vizuri hayana hatari hiyo.

Tupige hesabu ya ekari mbili. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo 6 za chakula kikavu kila siku. Kuanzia Mei hadi katikati ya Desemba ni siku 220 na kitu, karibu tani 1.4. Ukinunua hei, hayo ni marobota tisini na zaidi ya kilo 15. Ekari mbili zikilimwa mtama mwaka mzuri huenda zikakufikisha kwa mabua. Mwaka mbaya hutavuka Septemba. Maji nayo: wakati wa jua kali anakunywa dumu moja na nusu kwa siku. Kama bomba halijafika kwako, maana yake ni punda.

(Punda nimtaje hapahapa maana mjini tunamdharau. Yeye hacheui. Vijidudu wake wa kuyeyusha nyasi wako nyuma, kwenye utumbo mpana, kwa hiyo nyasi mbovu haimkwamishi tumbo la mbele kama ng'ombe. Anazipitisha haraka na kula nyingine zaidi. Ndiyo maana unamwona bado anavuta mkokoteni wa maji wakati ng'ombe amelala.)

Utapata nini kwa gharama hiyo yote? Zebu wa kienyeji anatoa lita moja au mbili zaidi ya zile za ndama, tena masika. Ng'ombe wa Mpwapwa, aina iliyotengenezwa kwenye kituo cha utafiti cha huko Mpwapwa kwa kuchanganya zebu wetu na damu ya ng'ombe wa Kihindi na wa Ulaya, ana maziwa zaidi na bado analivumilia jua letu. Lakini maziwa hayo ya ziada hayatoki hewani. Anayadai kwa mashudu na kwa maji.

Mzee jirani yangu, ambaye ukimwamkia "Mbukwenyi" lazima ukae, ana ng'ombe kumi na nne. Nikimpigia hesabu hii anacheka. "Mwanangu, hizo ekari mbili zako ni za kulala. Ng'ombe anakula nchi." Na ana haki. Ufugaji aliorithi ni wa kutembea: mvua ikinyesha huku unakwenda huku, mbuga ikibaki na unyevu kule Bahi unashuka kule. Ng'ombe wa zebu aliundwa kwa maisha hayo. Ukimfungia kwenye ekari mbili umemnyang'anya miguu, na miguu ilikuwa nusu ya chakula chake.

Kinachotokea mifugo ikizidi nyasi, mkoa wetu unakijua. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 serikali ikaondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, kama kilomita za mraba 1,256. Majani yakarudi, makorongo yakaanza kujifunika. Nyasi huweka akiba ya nguvu mizizini na kwenye shina karibu na udongo. Ikikatwa kila inapochipua, akiba inakwisha na mzizi unakufa, mvua inakuta ardhi uchi. Ng'ombe waliporuhusiwa tena huko mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wa kufungiwa bandani na kukatiwa majani. Kwa mdogo wangu hiyo ndiyo njia pekee ya ng'ombe: mmoja, bandani, majani ya kukata. Je, nani atakata? Yeye anafika kazini saa moja na nusu asubuhi.

Mbuzi: mgunga una siri yake

Mbuzi naye anacheua, ana vijidudu walewale. Tofauti yake iko mdomoni. Ng'ombe huzungusha ulimi kwenye fungu la nyasi na kulikata, hachagui sana. Mbuzi ana midomo myembamba inayochezacheza, anachuma jani moja kati ya miiba miwili, anasimama kwa miguu ya nyuma na kufikia tawi ambalo kondoo hawezi hata kuliota. Katika nyika kama yetu sehemu kubwa ya chakula chake ni majani ya miti na vichaka, si nyasi.

Na miti ya hapa ni ipi? Migunga. Mgunga ni jamii ya kunde. Kama kunde na karanga na njugu mawe, mizizini ina bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea. Isitoshe mizizi yake inashuka chini kabisa kwenye unyevu ambao nyasi haifiki. Kwa hiyo mwezi ambao nyasi imebaki na protini ya asilimia 3, jani la mgunga lina mara tatu au nne ya hiyo, na maganda yake yanaanguka kiangazi, wakati uleule wa njaa. Watoto wachungaji wanalijua hili kuliko sisi tuliosoma: wanatembea na mti mrefu wenye kulabu, wanatikisa tawi, mbuzi wote wanakuja mbio kwa mlio wa maganda yakidondoka. Mbegu nyingine ni ngumu mno, zinatoka nzima kwenye kinyesi, na baadhi yake zinaota. Mbuzi anapanda mgunga wa mjukuu wake.

Majani hayo yana tanini, ule ukakasi unaokaza ulimi, ambao hufunga protini isimeng'enywe. Mbuzi anauvumilia kuliko ng'ombe, hasa akiwa na miti ya aina nyingi ya kuchanganya. Hapa ndipo wafugaji wapya wanapoharibu. Wanamfunga mbuzi kamba kwenye kiwanja chenye nyasi fupi tu, wanasema "si anakula?" Anakula, ndiyo. Ila mabuu ya minyoo hupanda kwenye majani ya chini yenye unyevu, na mbuzi aliyezoea kula juu ya usawa wa goti hana kinga nzuri dhidi yake. Masika moja ya kula chini inatosha kumkondesha. Mwinulie chakula: funga matawi na majani kwenye kamba, yaning'inie.

Kwa ukubwa, wataalamu huhesabu mbuzi kumi kuwa sawa na ng'ombe mmoja wa kilo 250. Lakini angalia namna hatari inavyogawanyika. Ng'ombe mmoja akifa umefilisika. Mbuzi mmoja kati ya kumi akifa, umepata hasara na maisha yanaendelea. Ukihitaji ada ya shule huwezi kuuza mguu wa ng'ombe, ila mbuzi mmoja unaweza kuuza. Mimba yake ni siku 150, miezi mitano. Ya ng'ombe ni miezi tisa na siku kadhaa. Mbuzi anakunywa lita tatu hadi tano kwa siku za joto, nyingine anazipata kwenye majani mabichi.

Ubaya wake sitauficha. Kwanza, mbuzi kumi wanakula kama kilo 8 kavu kwa siku, na ekari mbili zenye migunga thelathini hazitoshi. Unategemea vichaka vya nje, na vichaka vya nje vinazidi kupungua: tangu serikali ihamie hapa kila kipande kinapimwa, kinawekewa bikoni, kinazungushiwa ukuta. Malisho ya mwaka huu ni msingi wa nyumba mwaka ujao. Pili, zabibu. Ukiwa Hombolo au Makutupora au popote penye mizabibu, mbuzi wako akiingia shamba la mtu dakika kumi anakula machipukizi ya msimu mzima, na hapo hutagombana na jirani tu, utalipa. Tatu, miche ya miti haikui mbele ya mbuzi. Kama mdogo wangu anataka kupanda miembe, azungushie uzio miembe kwanza, mbuzi baadaye.

Na asisahau chanjo ya sotoka ya mbuzi na ya homa ya mapafu ya mbuzi. Magonjwa hayo hayaulizi umelisha nini.

Kuku: wawili wenye jina moja

Tukisema "kuku" Dodoma tunazungumzia viumbe wawili ambao kwa kipimo cha tumbo hawana undugu.

Kuku wa mayai wa bandani anakula kinacholiwa na mtu. Hana rumeni, ana firigisi ya kusagia na utumbo mfupi, na selulosi inapita kama ilivyoingia. Nguvu zake zinatoka kwenye mahindi na pumba, protini kutoka mashudu, soya au dagaa. Nililetewa mia moja. Kila mmoja alikula gramu 120 hivi kwa siku, maana yake kilo 12. Nyumbani tulikuwa watano, tunapika kilo mbili na nusu za unga. Bandani mlikuwa na mlo wa familia yangu mara tano, kila siku, unaonunuliwa. Miezi ya mwanzo mayai yalitoka vizuri, trei zikauzika, nikajiona mjanja. Kisha ikaja Novemba, mahindi ya mavuno yamekwisha magulioni, pumba ikapanda, dagaa wakapanda, bei ya yai ikakaa palepale. Nikaanza kupunja chakula. Kuku haelewi kupunjwa: mwili wake kwanza unajilinda wenyewe, yai linakuja baadaye. Mayai yakashuka kwa wiki mbili na hayakurudi. Januari niliwauza wote kwa bei ya supu.

Sisemi kuku wa mayai ni hasara. Kwa mtu aliye karibu na wateja, mwenye mtaji wa kununua mahindi Julai na kuyahifadhi mpaka Februari, ni biashara nzuri, na kati ya wanyama wote hawa kuku ndiye anayegeuza nafaka kwa uaminifu zaidi. Kuku wa nyama anaongeza kilo moja kwa chakula cha chini ya kilo mbili, wakati ng'ombe aliyefungwa ananeneshwa kwa nafaka anataka karibu kilo 7 au zaidi. Lakini hiyo ni biashara ya kununua na kuuza nguvu za jua zilizonaswa shamba la mtu mwingine. Ekari zako hapo hazina kazi, ungeweza kufanya kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba ya kupanga.

Kuku wa kienyeji ni mwingine kabisa. Anaokota: makombo, mbegu za magugu, panzi, mchwa, funza kwenye samadi. Vyote hivyo hukuwa unavila. Anataga mayai 40 mpaka 60 kwa mwaka, na wenye haraka wanamcheka, lakini gharama yake ni karibu bure.

Karibu, kwa sababu uwanja una kikomo. Hili ndilo linalowaponza wengi. Kuku kumi wanapata vizuri, unasema niongeze wawe arobaini, mayai hayaongezeki, vifaranga wanakufa, unalaumu uchawi. Makombo ni yaleyale yamegawanywa kwa midomo mara nne ya ile ya mwanzo. Tena chakula cha uwanjani kinabadilika: masika kuna wadudu tele na nafaka kidogo, baada ya mavuno Mei na Juni kuna nafaka iliyomwagika na wadudu wachache, Oktoba hakuna hiki wala kile. Idadi ya kuku wako iwe ile ambayo Oktoba inaimudu.

Hapo ndipo mchwa anakuwa rafiki. Chukua chungu kibovu, kijaze mabua yaliyovunjwavunjwa na samadi iliyoloweshwa, kifudikize kwenye tundu la mchwa jioni. Kesho au kesho kutwa kifunue mbele ya kuku. Bua ambalo hata ng'ombe angelikataa limepita kwa kuvu, kwa mchwa, limekuwa protini, bila shilingi. Mvua za kwanza zikileta kumbikumbi huhitaji hata chungu. Washa taa tu.

Anachohitaji kwa lazima ni chanjo ya kideri. Ile ya matone ya jicho inayovumilia joto, kila baada ya miezi mitatu. Bila hiyo usijisumbue kusoma aya hizi.

Wengine, kwa haraka

Nguruwe ni mlavyote kama sisi, tumbo kama letu, kwa hiyo anashindana nasi kwenye pumba. Anazaa upesi sana, miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Anafaa kwa mwenye makombo ya hoteli au ya mashule mjini, ayachemshe kwanza kwa sababu ya homa ya nguruwe. Chamwino porini, hapana.

Nyuki ningemwekea kila mtu mwenye migunga. Nekta ndiyo nguvu zao, chavua ndiyo protini yao, na hakuna kiumbe mwingine bomani anayevitaka vitu hivyo. Wenzetu wa Manyoni na Itigi wanaishi vizuri kwa asali. Tatizo la nyuki wetu ni kwamba maua na maji vikiisha hawasubiri kufa, wanahama. Mizinga mitatu na beseni la maji lenye vijiti vya kutulia juu yake. Usitegemee zaidi mwaka wa kwanza.

Kinachorudi ardhini

Nguvu za jua zikishateketea mwilini hazirudi, zimekwenda zao hewani kama joto. Madini hayako hivyo. Naitrojeni na fosforasi alizokula mnyama nyingi zinatoka upande wa pili, na ukizirudisha shambani zinakuwa mtama tena. Kwa hiyo mnyama anayelala bomani kwako baada ya kula nje anakuletea mbolea ya nchi nzima nyumbani. Hapa ng'ombe anaongoza kwa wingi, kinyesi chake hakina mpinzani. Samadi ya mbuzi ni vidonge vikavu, rahisi kubeba, nzuri mno kwa bustani ya mchicha. Ya kuku ni kali. Ikiwekwa mbichi inaunguza mmea.

Ila usiache ilundikane juani miaka mitatu kama maboma mengi ya huku. Harufu ile kali ya mkojo inayokupiga usoni ukifungua zizi ni naitrojeni inayoondoka. Iweke kivulini, ichanganye na mabua, ifunike.

Sasa wewe, mdogo wangu

Ungekuwa na mtu wa kukata majani na kisima chako, ningekuambia mtamba mmoja wa Mpwapwa. Ungekuwa na uwanja wa mita ishirini kwa thelathini Ihumwa, ningekuambia kuku wa kununuliwa chakula, ukijua unachofanya. Wewe una migunga, una kijana mmoja wa kukaa shambani, na mshahara unaoishia tarehe ishirini. Anza na mbuzi majike watano wa kienyeji na beberu mmoja, matetea wanane na jogoo, mizinga mitatu. Ekari moja lima mtama uchanganye na kunde. Mtama unaujua unavyostahimili, jua likizidi unakunja majani, unangoja mvua, unaendelea. Mabua na majani ya kunde weka akiba juu ya dari ya banda, mbali na mchwa. Ng'ombe tutazungumza mwaka wa tatu, baada ya kuona akiba hiyo inabaki kiasi gani Novemba.

Mzee jirani nimemsomea mpango huu. Amesema mbuzi ni mali ya watoto, na kwamba utanunua ng'ombe kabla mwaka haujaisha. Huenda. Oktoba utasikia mbuzi wanauzwa bei poa mnadani. Wanauzwa kwa sababu wamekonda na wenyewe hawana cha kuwapa, na wewe pia hutakuwa nacho. Subiri Februari, ulipe zaidi kidogo, uwakute na miezi mitatu ya majani mbele yao. Nitakuja mwisho wa mwezi na kamba ya kupimia uzio. Mwambie huyo kijana asikate mgunga hata mmoja kabla sijafika.